Kibuyu Nilichokimaliza

Wanawake wa kijijini kwetu husema mimi ni mcha Mungu kupita kiasi, ati Kwaresima ikiingia sinywi hata dafu. Waache waseme. Ukweli ni kwamba sinywi dafu Kwaresima, sinywi Pasaka, sinywi siku yoyote, na uchaji haumo kabisa. Sijaligusa tangu nilipokuwa mke kijana hapa Bagamoyo, miaka ile kabla Wadachi hawajaja na bendera yao. Nikiona mtu amelikata dafu kichwa na maji yanamtiririka kidevuni, naondoka zangu. Wanadhani nina maringo. Sasa nimezeeka, aliyenifanya ninyamaze amekufa zamani, na nitasema nilichokifanya.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu. Tulikombolewa siku moja, tukiwa watoto, kutoka mikononi mwa wauza watu, tukapelekwa misheni kwa Masista. Hatukuwa ndugu. Yeye alisema maneno ya kwao na mimi ya kwetu, na mpaka Kiswahili kilipotuingia tulikuwa tukinyoosheana vidole tu. Nani mkubwa, nani mdogo, hakuna aliyejua. Sista alitusimamisha mgongo kwa mgongo, akaona nimemzidi vidole viwili, akasema basi wewe ndiye dada. Kuanzia hapo mwenzangu akaniita dada, nami nikamwita mdogo wangu, na heshima yote niliyopewa maisha yangu yote ni ya vidole viwili.

Tulipokua tukaozwa siku moja, kila mmoja na kijana wake wa palepale misheni, tukapewa nyumba mbili za udongo katika kijiji cha Wakristo. Zilikaribiana mno, nikikohoa kwangu yeye ananiambia pole kwake. Waume zetu walikuwa watu wema, ila katika habari hii hawamo. Mwaka ule walikuwa wamekwenda bara na Padre mmoja kujenga misheni mpya, na walirudi Pasaka imekwisha.

Mwenzangu hakukumbuka uso wa mama yake. Mimi angalau nilibaki na sauti ya mtu akiniita nije kula. Yeye hakubaki na kitu. Alikuwa akisema, "Watu wa mjini ukiwauliza, watakuhesabia babu na babu wa babu. Mimi nikitazama nyuma naona mlango wa Masista." Alisema hivyo huku akicheka, lakini nilimjua. Mimba mbili zilimtoka. Ya tatu ikashika, ikafika mwezi wa nane, naye akawa anatembea ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Huyu akija," alisema, "nitakuwa na mtu wangu."

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa. Masista walitufundisha wanawake wote namna ya kubatiza mtoto anayekufa. Padre akiwa mbali, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi anataka kufanya lile Kanisa linalofanya. Unamwagia kichwani maji, unatamka maneno huku maji yanatiririka. Sista mmoja wa Ulaya alitufundisha kwa kibuyu na mwanasesere wa matambara. Akatutajia visivyofaa, tukarudia mpaka tukakariri: maziwa hayafai, divai haifai, mafuta hayafai, mate hayafai, machozi hayafai. Hayo ndiyo yaliyokuwamo katika kitabu chake. Kitabu kiliandikwa kwao, na kwao hakuna mnazi.

Na asiyebatizwa? Tulifundishwa kwamba mtoto huyo haendi motoni, lakini uso wa Mungu hauoni. Anakaa mahali pake, wala haumwi, wala hatakutana na mtu wake milele. Huzikwa nje ya ua wa makaburi, chini ya mikorosho, bila kengele.

Ilikuwa Jumanne, kesho yake ni Jumatano ya Majivu. Kiangazi kilikuwa kikali, visima vimeshuka, maji yana chumvi. Niliona paa langu halitayastahimili masika, nikasema twende shamba la minazi la upande wa Kaole tukaokote makuti. Mwenzangu alisema amechoka. Nikamwambia, "Bado mwezi mzima, utembee kidogo, utazaa vizuri." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu. Tulibeba kibuyu kimoja cha maji cha watu wawili.

Kabla ya adhuhuri kilibaki robo. Yeye alikaa kivulini, mimi nikawa nafunga makuti. Koo lilikuwa limenikauka, nikampa mgongo nikakiinua kibuyu, nikasema moyoni ni funda moja tu. Sikuacha mpaka kilipolia kitupu. Sikuwa nakufa kwa kiu, nataka mjue hivyo. Nilikuwa na kiu kama mtu yeyote aliyefanya kazi juani, basi.

Haukupita muda akaniita. Uchungu ulikuwa umemshika, na haukuja polepole kama unavyokuja kwa wengine. Kulikuwa na mkwezi juu ya mnazi, mtu mzima wa Kaole, Mwislamu, anaangua nazi za misheni kwa ujira. Nilimpigia kelele. Aliona mambo kutoka juu kule, akageuza uso, akaangusha madafu matatu mbali nasi. "Mnyweshe, mama," akasema, "mimi nakwenda kuita watu." Akashuka akakimbia bila kututazama. Alikuwa na adabu yule mtu.

Nilikata dafu moja nikamnywesha. Mtoto akatoka, mwanamume, mdogo, rangi yake haikuwa rangi ya mtu. Alivuta pumzi mara moja, akanyamaza, akavuta tena. Nikakishika kibuyu. Kumbe nilishakimaliza. Kisima kilikuwa mbali hata kwa mtu mwenye mbio, na mtoto alikuwa ameshavuta pumzi ya tatu.

Basi nikachukua dafu la pili. Nilikumbuka orodha ya Sista: maziwa, divai, mafuta, mate, machozi. Dafu halikuwamo. Nikajiambia, haya yametoka mbinguni kwa mvua, mti umeyapandisha, hayajaguswa na mkono wa mtu, ni safi kuliko ya kisima chetu. Nikalikata, nikamwagia utosini, nikatamka maneno yote bila kukosea, nikampa na jina. Jina hilo sitalitaja. Alivuta pumzi moja tena, ikawa ndiyo ya mwisho.

Mwenzangu alikuwa amelala amefumba macho. Akaniuliza, "Umembatiza?"

"Nimembatiza."

"Amepata?"

"Amepata, mdogo wangu. Alikuwa hai."

Watu walipofika na machela, mkwezi alikuwa nao. Alimtazama mtoto, akasema maneno yao ya msiba kwa sauti ya chini. Padre alikuja jioni ile nyumbani. Alikuwa Padre wetu wa siku zote, mwembamba, homa imemkausha. Alikuwa na haraka, majivu ya kesho yalikuwa bado kutayarishwa. Akaniuliza mlangoni, "Ulimmwagia maji kichwani? Ukasema maneno?" Nikajibu, "Ndiyo, Padre." Wakati ule sikudanganya. Mungu ananijua kwa mengi, lakini wakati ule sikudanganya.

Asubuhi mwenzangu aliomba aachwe peke yake amwoshe mwanawe. Mimi nilikuwa kanisani napakwa majivu. Padre alitupitia mmoja mmoja akitukumbusha kuwa sisi ni mavumbi, nami nikafikiri, hilo si la kuniambia leo. Kisha akavua joho la zambarau akavaa jeupe, maana mtoto aliyebatizwa hazikwi kwa huzuni. Kanisa lote lina majivu kipajini, Padre amevaa nyeupe, kengele inalia kwa furaha. Akazikwa ndani ya ua, upande wa watoto. Mwenzangu aliletwa amekalishwa kitini, hakulia. Aliniambia, "Sasa nina mtu wangu kule. Ananijua mimi ni mama yake."

Hapo ndipo Kwaresima ilipoanza.

Mfungo wetu, nikisema kweli, ulikuwa wa kuchekesha. Tulikatazwa nyama, ambayo hatukuwa nayo, tukaruhusiwa samaki, ambao ndio tuliokula mwaka mzima. Kazi ilikuwa kwenye mafundisho. Kila Ijumaa alasiri, baada ya Njia ya Msalaba, Padre alitusimulia Injili kwa Kiswahili, na watu waliruhusiwa kuuliza. Ijumaa ya kwanza alisimulia habari ya mgonjwa aliyelala kando ya birika miaka thelathini na minane, kila maji yakitibuka mwingine anamtangulia, naye hana mtu wa kumtia majini. Padre akapitia hapo kufika kwenye ubatizo. Mzee mmoja mkatekumeni, bado anafundishwa ili abatizwe, aliyekuwa mgema kabla ya kuja misheni, akanyoosha mkono akauliza, "Padre, nikiwa juu ya mnazi na mwenzangu chini anakufa, nimwagie maji ya dafu?"

Watu wakacheka. Padre naye akacheka, kisha akasema hapana. Akasema dafu ni tunda, na kinachotoka kwenye tunda ni kama divai inavyotoka kwenye zabibu. Ubatizo unataka maji ya mvua, ya mto, ya kisima, ya bahari. "Kwa dafu," akasema, "utakuwa umemlowesha tu." Wakacheka tena. Nikageuka nimtazame mwenzangu, aliyekaa ubavuni pangu. Alikuwa akicheka na wenzake.

Mimi nilihisi baridi, na kiangazi kile. Nilifikiri, haelewi. Hakuona, alikuwa amefumba macho, anadhani nilikuwa na maji. Nikisema, mwanawe atafukuliwa apelekwe mikoroshoni, naye atarudi kutazama mlango wa Masista. Nisiposema, nitakuwa nalala na uongo kila siku, na Pasaka inakuja na lazima niungame. Nikachagua kunyamaza. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Lakini Kwaresima ile, jamani, kila walichosoma kilikuwa maji. Musa anaupiga mwamba, maji. Mkoma wa Shamu anaambiwa ajichovye mtoni mara saba, maji. Ijumaa ya tatu ikaja ya mwanamke Msamaria kisimani. Padre alieleza vizuri sana maji ya uzima, wanawake wakawa wanatikisa vichwa. Mimi nilikuwa na hasira tu. Nikanyoosha mkono.

"Padre, Bwana alimwomba maji. Yule mwanamke alimpa au hakumpa?"

Padre akafikiri. "Injili haisemi."

"Na mtungi wake aliuacha kisimani akakimbilia mjini?"

"Aliuacha, kwa furaha."

"Basi nyumbani kwake nani alikuwa akingoja yale maji?"

Watu wakanitazama. Padre akasema ni swali zuri, atalifikiria. Sikuwa nauliza swali. Nilikuwa nagombana na mtu ambaye hayumo chumbani. Nilimwambia Mungu usiku na mchana, Wewe uliye na mito na bahari, Pilato alipotaka kunawa mikono maji yalipatikana papo hapo, na karai juu. Mwanangu mdogo yule alihitaji vidole viwili vya maji. Halafu nikakumbuka kwamba maji yalikuwapo. Yalikuwa tumboni mwangu.

Mwenzangu alikwenda kaburini kila asubuhi. Alipanda maua meupe, akang'oa magugu hata ya makaburi ya jirani. Hakumwombea mtoto, alimwomba. Aliniambia, "Nimemtuma amtafute mama yangu. Kama mama alikufa porini, nani amtafute? Yeye ana nafasi." Nikasema vizuri, nikaondoka kwenda kuangalia chungu ambacho sikuwa nimekiinjika.

Jumapili ya Matawi tulikatiwa makuti machanga ya minazi, kila mtu na lake, Padre akayanyunyizia maji ya baraka, tukazunguka kanisa tukiimba. Nililishika lile kuti nikaona kinyaa. Mnazi huohuo, jani lake linaingia kanisani na kuimbiwa, maji yake yamemfungia mtoto mlango. Nilirudi nyumbani sikulichomeka juu ya mlango kama watu. Nalikumbuka lile kuti lilivyokauka pembeni mwa kitanda.

Jumatano ya juma lile nilishindwa. Nikaenda kuungama. Nilipiga magoti nikayamwaga yote, dafu kwanza, halafu kibuyu. Padre alijifuta jasho la homa. Kisha akasema, "Kwa mafundisho ya Kanisa, mtoto hakubatizwa. Mungu hafungwi na kibuyu cha mtu, anaweza kufanya atakalo, lakini mimi siwezi kukuahidi lisilo kwangu. Na mimi nilikuuliza mlangoni kwa haraka. Hilo nitalijibu mwenyewe." Akanieleza kuwa aliyoyasikia pale yamefungwa, hawezi kuyatumia hata kuhamisha jiwe moja la kaburi. Kumwambia mama yake au kutomwambia, hilo hakunilazimisha.

Kitubio alichonipa kilikuwa hiki: mpaka Pentekoste, kila siku niteke mtungi mmoja wa maji, niupeleke nyumbani kwa mama wa mtoto, nisimdai shukrani wala nisimweleze sababu. Nikapata ondoleo la dhambi. Nilitoka nje mwepesi. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilitoka mwepesi.

Alhamisi nikapeleka mtungi wa kwanza. Akashukuru. Ijumaa Kuu masika yakaanza. Ilinyesha kuanzia asubuhi, vijito vikapita katikati ya kijiji, kuku wakapanda vitandani. Kanisani sanamu zilikuwa zimefunikwa vitambaa, Padre akasoma mateso mpaka pale askari alipomchoma Bwana ubavuni ikatoka damu na maji. Nilirudi, nikateka mtungi wangu wa pili, nikaupeleka kwa mwenzangu nimelowa chapachapa.

Alikuwa amekaa kizingitini. Alinitazama nikiutua.

"Dada, nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Jana mtungi, leo mtungi. Na mvua yote hii, nikiweka chungu nje kinajaa kabla sijageuka." Akaungoja uongo wangu, haukuja. Akasema, "Umeungama."

Nikaikamua kanga yangu iliyolowa.

"Haya ni maji ya mwanangu, siyo?"

Nilikaa chini palepale kwenye tope. Nikamwambia, "Mdogo wangu," naye akanikatiza. Akaendelea yeye. Alisema asubuhi ile ya Majivu, alipomfunua mtoto amwoshe, alikuta sisimizi wamejipanga kuanzia mguu wa kitanda mpaka utosini kwake. Miguuni hawakwenda, mikononi hawakwenda. Walikwenda utosini tu. Akawapangusa, akaonja kidole, kikawa kitamu.

"Nikajua ni dafu," alisema. "Nikasema ni sawa, dada amefanya la haraka, Mungu ataelewa. Sikujua kuwa ni kosa mpaka yule mzee alipouliza."

"Lakini ulicheka."

"Ulitaka nilie mbele za watu, waulize ninalilia nini?"

Mvua ilikuwa ikipiga makuti, tukawa tunasema kwa sauti kubwa mambo ya kunong'ona. Nikamwambia na la kibuyu, maana lilikuwa limebaki hilo. Akasema, "Nilikusikia. Ulinipa mgongo lakini koo lako lilikuwa likilia. Sikukwambia kitu, kwa kuwa nilikuwa nangoja ugeukie makuti nikimalize mimi." Akakinga kiganja mvuani. "Umeniwahi tu."

Nilitaka kumwambia aliyoyasema Padre, kwamba Mungu hafungwi. Nilipofungua mdomo, akaniwekea kiganja mdomoni, kwa nguvu, kikaniumiza.

"Usiniambie. Mpaka sasa najua mwenyewe tu. Ukiniambia alilosema Padre, nitakuwa nimeambiwa."

"Na Pasaka? Lazima uungame, mdogo wangu, upokee mwili wa Bwana."

"Nikiungama itanibidi niseme kwamba najua na nimenyamaza. Nikisema, atanijibu. Mimi sitaki kujibiwa."

"Utaikosa mbingu."

Akautazama mtungi. "Kama yeye hayuko huko, niende huko kwa nani?"

Nilikuwa na mafundisho ya miaka yote kichwani. Nikainuka kwenye tope niondoke. Aliyamimina maji yale kwenye mtungi wake bila kumwaga tone, akanirudishia mtungi wangu mikononi.

Jumamosi asubuhi moto mpya uliwashwa kwa tabu, kuni zilikuwa zimelowa. Padre akabariki maji ya Pasaka, akayapulizia, akatumbukiza mshumaa mkubwa mara tatu. Wakatekumeni wakabatizwa, na yule mzee mgema alikuwamo. Alimwagiwa maji mengi mpaka shati likamgandama, akatoka anacheka peke yake. Watu wakaja na vyombo vyao kuchota ya kupeleka nyumbani. Mimi nilikuwa na kibuyu kilekile. Nilipomtafuta mwenzangu, alikuwa kaburini ananyanyua maua yaliyolazwa na mvua.

Pasaka yenyewe kengele zililia, vitambaa vimeondolewa, watu wamevaa kanzu na kanga safi, wote wanasimama benchi kwa benchi kwenda kupokea komunyo. Benchi letu likasimama. Yeye hakusimama. Alivuta miguu pembeni ili wengine wapite. Nikampita na mimi. Nilikuwa nimeoshwa, nina haki ya kupita, na kila hatua niliona nimeiba. Padre aliponifikia mkono wake ulisita kidogo, macho yakaenda kwenye benchi letu, akaona nafasi niliyoiacha na mtu aliyebaki. Alielewa, nadhani. Hakuweza kufanya kitu. Niliporudi, mwenzangu akajisogeza, akanipa pa kukaa.

Alifanya hivyo kila Pasaka. Mumewe aliporudi kutoka bara aligombana naye, Masista wakamsihi, Padre alimwita mara mbili akarudi bila kusema walizungumza nini. Alifagia kanisa, alilea watoto wa wengine, alinyoosha makaburi, na kwenye komunyo alivuta miguu pembeni. Mimba nyingine haikumshika. Mtungi wangu wa Pentekoste ulipokwisha niliendelea kuupeleka, naye akaendelea kuupokea. Kuhusu mtoto hatukuzungumza tena.

Akafa mwaka wa vita vya Wadachi, watu walipokimbilia misheni kwa maelfu, wakalala mpaka chini ya mabenchi, na kuhara damu kukaingia. Ilimchukua siku nne. Padre alikuja, amechoka hata kusimama hawezi, akainama akamuuliza kama anataka kuungama. Akatikisa kichwa. Akamuuliza tena, kwa upole, kama mtu anayejua. Akageukia ukutani. Mimi nilikuwapo, nimeshika kata ya maji. Nilimnywesha mpaka aliposhindwa kumeza.

Kwa kuwa alikaa miaka bila komunyo ya Pasaka, na akamkataa Padre mbele ya mashahidi, hakuzikwa ndani. Sheria ilikuwa hiyo kwa wote. Padre alikuja mikoroshoni bila joho, akasimama tu kofia mkononi mpaka udongo ulipokwisha, kisha akashikwa na baridi ya homa akapelekwa ndani. Basi mambo yakawa hivi: mtoto ambaye hakubatizwa yumo ndani ya ua na msalaba wake mdogo, na mama yake, aliyebatizwa mbele yangu siku moja na mimi, yuko nje.

Kila Jumamosi Kuu, maji mapya yakibarikiwa, nachota kibuyu kimoja. Si kile, kile kilipasuka zamani. Naingia uani nammwagia mtoto nusu, natoka kwa lango la nyuma nammwagia mama yake nusu. Wanawake wakiniona husema bibi huyu ana ibada. Sasa miguu haina nguvu, ni mwendo mrefu kwangu, na masika yakichelewa jua linakuwa kali sana. Nikishikwa na kiu njiani, navumilia mpaka nifike nyumbani.